Zambarau Kwenye Glasi ya Morgon

Mteja wa meza ya dirishani aliniuliza swali dogo, nami nikashindwa kulijibu.

Ilikuwa mwezi Novemba, jijini Lyon, katika mgahawa wa aina ambayo wenyeji huita bouchon: meza zimebanana, vitambaa vya miraba myekundu, na chakula cha watu wenye njaa ya kweli, yaani utumbo, soseji, maini na jibini. Mchana nilikuwa mwanafunzi, jioni nilikuwa mhudumu. Siku ya kwanza kazini nilipewa kadi yenye maelezo ya mivinyo tuliyouza kwa glasi, nikaikariri ndani ya metro kama nilivyokariri jedwali la kuzidisha nikiwa darasa la tatu. Kuhusu mvinyo mwekundu uitwao Morgon, kadi ilisema: cheri nyeusi, kokwa ya pichi, ua la violeta, kirsch kwa mbali.

Mama yule alikuwa peke yake, umri wa shangazi zangu. Alinusa glasi, akanywa kidogo, akaniuliza, "Na wewe, unasikia nini humu?"

Nikamsomea kadi, neno kwa neno.

"Hayo nimeyaona ubaoni," akasema, bila ukali wowote. "Nimekuuliza wewe."

Nikaomba samahani, nikaenda kuleta mkate ambao hakuna aliyeuomba. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kula cheri nyeusi. Violeta nilimjua mmoja tu, naye alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yetu Muheza. Kirsch nilidhani ni jina la mji, kumbe ni pombe kali inayotengenezwa kwa cheri. Nilikuwa nimeuza glasi nyingi za Morgon, na kila moja niliiuza kwa kutoa ushahidi wa mambo nisiyoyaona. Mahakamani huo huitwa ushahidi wa uongo. Mgahawani unaitwa huduma nzuri.

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali la mama yule. Ni uhakiki wa mvinyo mmoja, na pia ni uhakiki wa lugha inayotumika kuuhakiki. Najua wasomaji wengi hapa hawanywi, kwa sababu za imani au kwa sababu nyingine, na sina nia ya kumvuta mtu kwenye chupa. Ninachokihitaji kutoka kwako ni ulimi tu, na kila mtu anao.

Nianze na ukimya wangu, maana una historia. Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji hiki, na yote mawili yalishuka kutoka melini. Mvinyo ni vinho ya Wareno. Divai ni du vin ya Wafaransa, ambao mapadri wao wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar katika miaka ya 1860 na kufungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Mimi nililijua neno divai kabla sijajua kuwa ni kinywaji cha mezani. Nilikuwa mtumikiaji altareni, nikimpelekea padri vichupa viwili, kimoja cha maji na kimoja cha divai. Hakuna mtoto anayemuuliza padri baada ya misa kama divai ya leo ilikuwa na ladha ya pichi. Mahali pa pili nilipokutana na pombe ni vilabuni, na huko nako hakuna anayeulizwa amesikia nini. Anaulizwa amekunywa ngapi. Kati ya altare na kilabu, swali la ladha halikupata pa kukaa. Ndiyo maana nilipoulizwa, nilikimbilia mkate.

Alhamisi ya tatu ya Novemba hiyo hiyo, Lyon nzima ilikunywa Beaujolais Nouveau. Beaujolais ni eneo la vilima kaskazini mwa jiji, na Morgon ni mojawapo ya sehemu zake kumi ambazo mvinyo wake unaruhusiwa kubeba jina la sehemu hiyo badala ya jina la eneo zima. Nouveau ndiyo ndugu mdogo mwenye kelele: zabibu zinavunwa Septemba, na miezi miwili baadaye mvinyo uko mezani. Serikali iliruhusu mauzo haya ya mapema mwaka 1951, na tangu 1985 siku yake imekuwa hiyo Alhamisi ya tatu. Mabango hutundikwa, watu hujaa hadi barabarani.

Nilipewa glasi mwisho wa zamu. Nikainusa, nikashtuka. Ndizi. Si kwa mbali, wala si kwa kukisia. Ilikuwa harufu ya mkungu wa ndizi sukari ambao mama alikuwa akiufukia kwenye gunia nyuma ya mlango wa jikoni ili uive, halafu tukausahau siku mbili. Nikamwambia mpishi kwa furaha: humu mna ndizi! Akacheka. "Kila mtu anajua hilo," akasema. "Ndiyo aibu yake."

Baadaye nilisoma kisa chake. Zabibu za Gamay, ambazo ndizo zabibu za Beaujolais, humwagwa kwenye tangi zikiwa vichala vizima, bila kupondwa. Zile za chini hupasuka kwa uzito wa za juu na kuanza kuchachuka, na hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka hapo hujaza tangi. Zile nzima zilizozama katika hewa hiyo huanza kuchachuka zikiwa ndani ya maganda yake, kila punje ikiwa pipa lake dogo. Njia hii hutoa mvinyo wenye rangi na harufu ya matunda lakini ukakasi mdogo. Ukiiharakisha, na ukachagua aina fulani za hamira, unapata kwa wingi kemikali iitwayo isoamili asetati, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Kwa hiyo sikuota. Ndizi ilikuwamo.

Tukio hilo lilinipa moyo, lakini pia lilinitatiza. Kwa nini kadi ikisema cheri ni sifa, na mimi nikisema ndizi ni aibu? Wahakiki wana sababu ya haki: harufu ile hutokana zaidi na hamira na haraka kuliko udongo wa mahali, hivyo Nouveau ya huku na ya kule hufanana kama pipi za pakiti moja. Nakubaliana nao. Kesho yake nilionja mabaki ya chupa, na ndizi ilikuwa imekwisha, pamebaki maji mekundu yenye uchachu. Lakini nilibaki na swali: ni nani hupanga matunda kwa vyeo?

Gamay yenyewe imewahi kupangiwa cheo, na kwa amri ya serikali. Mwaka 1395, Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, alitoa amri kwamba mizabibu ya Gamay ing'olewe katika nchi yake. Aliuita mmea mbaya na usio mwaminifu, akadai mvinyo wake ni mchungu na unadhuru watu. Kosa lake kubwa lilikuwa kuzaa sana. Wakulima waliipenda kwa sababu iliwalisha, ilhali mtawala alitaka Pinot Noir, inayozaa kidogo na kuuzwa ghali kwa wakubwa wenzake. Kusini, kwenye vilima vya Beaujolais vilivyokuwa nje ya himaya yake, Gamay ilibaki, na udongo wa mawe ya matale ukaifaa kuliko chokaa ya Burgundy. Uhakiki ule wa 1395 ulikuwa na mamlaka yote na ulimi mdogo sana. Lakini zaidi ya miaka 600 baadaye bado unasikika: ukiagiza Beaujolais mbele ya watu wanaojiona wajuzi, wapo watakaokutazama kana kwamba umevaa ndala harusini.

Basi baada ya kujua hayo nikawa jeuri. Nikaamua sitasema tena cheri wala violeta. Nikainunua chupa ya Morgon kwa pesa yangu, nikakaa nayo chumbani kwangu bwenini, nikaiuliza swali la yule mama. Jibu likaja haraka mno: zambarau.

Kwa asiyezijua, zambarau ni tunda dogo la mviringo mrefu, jeusi linalometa, lenye kokwa moja katikati. Nyama yake ina utamu kidogo, ugwadu mwingi, na ukakasi unaokausha ufizi kama umelamba ganda la ndizi mbichi. Shuleni kwetu palikuwa na mzambarau nyuma ya vyoo vya walimu, na tulikatazwa kuukaribia. Mwalimu wa zamu hakuhitaji mashahidi. Alitupanga mstari baada ya mapumziko akasema, "Toeni ndimi." Mwenye ulimi wa rangi alijulikana. Nilichapwa mara mbili kwa ushahidi wa ulimi wangu mwenyewe.

Nilifurahi mno kwa ugunduzi huo. Nilijiona nimewakomboa Waswahili wote kutoka kwenye kadi. Nikampigia hodi jirani yangu wa chumba cha pili, Mtanzania mwenzangu anayesomea kemia, nikamwambia Morgon ni zambarau, basi. Akaitazama glasi kwenye mwanga wa taa. "Ina rangi ya zambarau," akasema. "Umejuaje kama si macho yako yaliyoonja?"

Akanieleza kuhusu jaribio lililochapishwa mwaka 2001 na watafiti wa Bordeaux. Walichukua mvinyo mweupe, wakautia rangi nyekundu isiyo na ladha, wakawapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo waueleze harufu yake. Mvinyo ulipokuwa mweupe, walitumia maneno ya mvinyo mweupe. Ule ule ulipopakwa rangi, wakaandika maneno ya mvinyo mwekundu, majina ya matunda mekundu na meusi. Hao walikuwa watu waliofunzwa, na katika nchi yenyewe. Macho yaliwahi, pua ikafuata.

Sikupenda kusikia hivyo, lakini nilikubali kupimwa. Alinifunga kitambaa machoni, akamimina katika vikombe vitatu vya chai: Morgon, mvinyo mwekundu wa Bordeaux, na mweupe wa Mâcon, vyote vikiwa na ubaridi sawa. Nilivichanganya. Kikombe cha kwanza nilisema ni mweupe, kumbe ndiyo Morgon. Ni pale tu nilipokaa nayo mdomoni, nikahesabu hadi kumi, ndipo ukakasi ukaja taratibu kwenye ufizi, mwembamba, kama vumbi la chaki. Hapo nikaitambua. Ule wa Bordeaux ulikuwa na ukakasi wa kukunja uso. Mweupe haukuwa nao kabisa.

Na zambarau je? Gizani, nusu yake ilipotea. Zambarau haina harufu kubwa. Nilichokuwa nakiita harufu ya zambarau ilikuwa rangi yake na kumbukumbu ya fimbo. Kilichobaki kilikuwa ugwadu na ukakasi, na hivyo vilikuwa kweli. Harufu iliyopanda kutoka kwenye kikombe ilikuwa kitu kingine, kitu kitamu chenye uchungu kidogo ndani yake, ambacho sikuwa na jina lake.

Jina nilipewa Juni, sokoni Croix-Rousse, kwa muuzaji aliyenipa cheri moja nionje. Nilikula nyama, nikaivunja kokwa kwa meno kwa bahati mbaya, na uchungu mdogo wenye harufu ya lozi ukapanda puani. Nikasimama pale katikati ya watu na kapu langu la vitunguu. Hicho ndicho kilichokuwa ndani ya kikombe. Kadi ilikuwa inasema kweli muda wote.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema kwa uangalifu, kwa sababu lingekuwa rahisi kuiandika makala hii kama hadithi ya ushindi: Mzungu ana cheri yake, mimi nina zambarau yangu, kila mtu na ulimi wake. Haiko hivyo. Ndani ya mvinyo mna kemikali, na baadhi yake zimo pia ndani ya matunda, na mtu anaweza kusema uongo kuzihusu. Mwaka 1984, Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa gurudumu la harufu za mvinyo, duara lenye majina ya vitu vya kawaida, ili watu waache kusema mvinyo ni wa kiungwana au wa kifalme, wakaanza kusema una stroberi, una pilipili hoho, una karafuu. Gurudumu lile halikuwa sheria. Lilikuwa mwaliko wa kutaja kitu ambacho mwenzako anaweza kwenda jikoni akakinusa, akarudi kukubali au kukataa.

Karafuu imo, umeona. Kwetu Muheza, kwenye miteremko ya Usambara, karafuu huanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na msimu ukifika hata nguo za shule hunuka karafuu. Mgahawani palikuwa na mvinyo wa Bordeaux uliokaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, na kadi yake ilisema una karafuu. Ni kweli: mwaloni, hasa pipa likiunguzwa ndani kwa moto, hutoa eugenoli, ambayo ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Wateja walitikisa kichwa kwa kuelewa, ingawa wengi wao karafuu wanaijua kutoka kwenye kichupa cha dukani. Pale mimi ndiye niliyekuwa shahidi wa macho, na sikujua. Lugha ya mvinyo ya Kifaransa ilishachukua neno kutoka Bahari ya Hindi zamani. Hakuna aliyeona aibu kulitumia. Kwa nini mimi nione aibu kutumia cheri, maadamu sasa nimeila?

Tofauti haiko kwenye neno. Iko kwenye njia neno lilivyokufikia. Novemba nilisema cheri bila kuijua, na neno lilikuwa sahihi, na bado nilikuwa mwongo. Julai nilisema cheri nikiwa na doa lake kwenye shati.

Kiangazi hicho nilipanda treni hadi Belleville, nikatembea hadi Villié-Morgon. Kijiji kiko yapata kilomita 50 kutoka Lyon. Mizabibu yake ni mifupi, mingi haina waya wa kuegemea, kila mmoja umesimama peke yake kama kiganja kilichofumbuliwa. Juu ya kilima cha Côte du Py niliokota jiwe la rangi ya bluu iliyofifia, nikalibonyeza, likameguka. Wenyeji huuita mwamba uliooza. Hapa ndipo Marcel Lapierre, aliyefariki mwaka 2010, alipoanza katika miaka ya 1980 kutengeneza Morgon kwa hamira inayokuja na zabibu zenyewe na salfa kidogo sana au bila salfa, akifuata mafundisho ya Jules Chauvet, mfanyabiashara wa mvinyo wa huko huko aliyekuwa pia mwanakemia na mnusaji makini. Wakati wengine wakitengeneza ndizi, wao walikuwa wakiuliza swali la mama yule: zabibu hii yenyewe inasema nini?

Katika ghala la chini la mkulima mmoja nilionjeshwa Morgon ya mwaka uliopita na nyingine ya miaka minane. Changa ilikuwa ile niliyoizoea: cheri na kokwa yake, ugwadu wa kuamsha mate, ukakasi mdogo wa zambarau. Kuukuu ilikuwa kama imehama nchi. Tunda lilikuwa limekauka na kuzama, na juu yake palikuwa na harufu ya udongo unapopigwa na mvua ya kwanza, na kweli, ile pombe kali ya cheri niliyokuwa nikiitaja bila kuijua. Bibi aliyetumiminia alinusa glasi yake akasema neno moja tu kwa Kifaransa, ambalo kwa Kiswahili ingebidi niseme: "Inamorgonika."

Wamelitengenezea kitenzi. Mvinyo wa Morgon ukikua na kuwa hivyo, hawasemi unafanana na kitu. Wanasema unafanya Morgon. Nilimwonea wivu kwa neno hilo kuliko nilivyomwonea wivu kwa ghala lake. Watu waliokaa na kitu kwa muda wa kutosha hufika mahali ambapo mfano hauhitajiki tena. Sisi nasi tumefika huko kwa vitu vyetu. Ukakasi ni neno moja, halisi, la mdomoni, pale ambapo kadi yangu ilihitaji tanini na maelezo. Na pua yetu ina jambo jingine: Kiswahili hakinusi tu harufu, kinaisikia. Anayesikia amenyamaza kwanza. Kadi ilinifundisha kusema kabla ya kunyamaza.

Sasa chakula, maana Morgon bila chakula ni nusu ya hukumu. Chakula cha Lyon kina mafuta, na kazi ya kwanza ya ugwadu ni kuyakata mafuta. Soseji nene ya nguruwe iliyochemshwa na viazi hukaa ulimini kama blanketi, na mdomo mmoja wa Morgon, uliopozwa hadi nyuzi 14 hivi, hulivuta blanketi hilo. Saladi ya Lyon, yenye vipande vya nyama ya nguruwe na yai laini, huua mivinyo mingi kwa siki yake. Morgon huvumilia kwa sababu nayo ina ugwadu wa kutosha kujibu. Kuku wa siki ni hivyo hivyo. Utumbo wa andouillette, wenye harufu ya kumfukuza mgeni, huhitaji Morgon kuukuu, harufu ya udongo kwa harufu ya udongo. Ukakasi wake mdogo ndio siri: mvinyo mkali wa Bordeaux ungepigana na siki hadi wote wawili wachubuke.

Nimejaribu pia chakula chetu, chumbani, kwa sufuria moja. Pilau ya ng'ombe, yenye karafuu na bizari nyembamba, ilikubaliana na Morgon changa vizuri kiasi kwamba nilisahau kukatakata kachumbari. Baadaye nikaelewa: mvinyo ulikuwa umeshika nafasi ya kachumbari, uchachu na ubaridi pembeni mwa mafuta na viungo. Samaki wa kupaka alishindwa. Tui lina utamu wake, na utamu wa chakula hufanya mvinyo uonekane mwembamba na mkali. Nilipoongeza pilipili mbichi, pombe iliwaka mara mbili. Kwa samaki wa kupaka nitakunywa maji ya ndimu, na sitaona kwamba nimepungukiwa.

Hukumu yangu, basi. Morgon si mvinyo mkubwa kwa maana ya wale wanaopenda mivinyo ya kuogopwa. Ni mvinyo wa mtu anayekula, na hauhitaji uvae suti. Ukiwa mchanga unafurahisha, ukizeeka unafikirisha, na ukiharakishwa unapoteza kitu chake pekee, yaani mahali ulikotoka. Philippe le Hardi alikosea. Uaminifu wa Gamay ni kwamba ikipewa mwamba uliooza na mtu mwenye subira, inasema ukweli wa mwamba huo.

Mama wa meza ya dirishani sikumwona tena. Lakini Novemba iliyofuata nilikuwa bado mhudumu pale, na mzee mmoja aliyekuja na mkewe aliniuliza Morgon ikoje. Sikuwa na kadi mfukoni. Nikamwambia: "Nasikia cheri, na uchungu wa kokwa yake. Ufizi unakauka kidogo. Kwetu kuna tunda linalofanya hivyo, na linaacha ulimi rangi."

Mzee akanywa, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Cheri siisikii hata kidogo. Nasikia stroberi, na jiwe lililolowa."

Mkewe akaichukua glasi, akainusa, akasema sote wawili tumekosea, humo mna waridi lililonyauka. Tukabishana pale, watu watatu, hadi soseji yao ikapoa na mpishi akaniita kwa ukali. Kwa mwaka mzima hakuna mteja aliyewahi kubishana nami, na nilikuwa nadhani ni kwa sababu ninajua kazi. Kumbe hakuna anayebishana na kasuku.

Usiku, nikinawa uso kwenye choo cha wafanyakazi, nilitoa ulimi mbele ya kioo, nikautazama. Ulikuwa na rangi.